Jimmy McGrory: Mfungaji Aliyekataa Kuuzwa

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Methali hii yaonekana kutawala kandanda ya leo, ambapo mchezaji hubadilisha jezi kila msimu kwa kufuata ujira mnono, na hapana anayemlaumu, kwa kuwa ajira ya mguu ni fupi na kiinua mgongo chake ni haba. Ndiyo maana maisha ya James Edward McGrory, mshambulizi wa klabu ya Celtic ya Uskoti, yanastahili kusimuliwa tena. Huyu aliupata mkono uliojaa fedha, ukanyooshwa mbele yake mara mbili, naye akageuka akaulamba ule uliokuwa nusu mtupu. Aliyoyapata kutokana na uamuzi huo, na aliyoyakosa, ndiyo kiini cha masimulizi haya.

McGrory alizaliwa tarehe 26 Aprili 1904 katika mtaa wa Garngad, kaskazini mwa jiji la Glasgow. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ayalandi, na baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha gesi. Garngad ulikuwa mtaa wa viwanda, moshi na msongamano wa watu, na kwa wingi wa Waayalandi waliouishi ulipewa jina la Ayalandi Ndogo. Umaskini wa mtaa huo haukuwa wa kuhadithiwa. Ulikaa mezani pamoja na watoto. Jimmy alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mama yake alifariki. Mzigo wa malezi ukabaki mabegani mwa baba ambaye mshahara wake haukutosha hata kabla ya msiba.

Ili kuelewa kwa nini mtoto wa mtaa kama huo aliiona Celtic kuwa zaidi ya timu ya mpira, yafaa kukumbuka jinsi klabu hiyo ilivyoanza. Ilianzishwa mnamo Novemba 1887 na Ndugu Walfrid, mtawa wa Kikatoliki mwenye asili ya Ayalandi, aliyekuwa mwalimu mashariki mwa Glasgow. Shabaha yake ilikuwa kuchangisha fedha za kuwalisha watoto wa maskini wa parokia za eneo hilo. Waayalandi walibaguliwa katika ajira na makazi, na jezi za kijani na nyeupe ziliwapa mahali pa kusimama wima walau Jumamosi mchana. Kuna waliosema baadaye, na si bila haki, kwamba viongozi wa klabu waliisahau ile sahani ya chakula upesi mno wakaanza kuhesabu faida. Hata hivyo, kwa kijana wa Garngad, Celtic ilikuwa nyumbani, na nyumbani ni nyumbani ijapokuwa pangoni. Jina la klabu hii si geni kwa msomaji wa Kenya, kwani Victor Wanyama aliichezea kati ya mwaka 2011 na 2013, na bao lake la kichwa dhidi ya Barcelona mnamo Novemba 2012 bado linakumbukwa. Miaka themanini na zaidi kabla ya bao hilo, uwanja uo huo ulikuwa umezoea mabao ya kichwa ya mtu mwingine.

McGrory alianza kucheza katika timu ya St Roch's, iliyokuwa ya mtaa wake. Mwaka 1922 timu hiyo ilitwaa Kombe la Vijana la Uskoti, shindano ambalo licha ya jina lake lilikuwa la wanaume wakakamavu wa klabu ndogo, na McGrory alifunga katika fainali. Mwezi Juni mwaka uo huo Celtic ikamsajili. Meneja wake alikuwa Willie Maley, mzee mkali aliyeiongoza klabu hiyo tangu 1897, na ambaye neno lake lilikuwa sheria.

Mwanzo haukuwa na nderemo. Mchuano wake wa kwanza ulikuwa dhidi ya Third Lanark mnamo Januari 1923, na Celtic ikafungwa bao moja kwa nunge. Msimu huo alicheza mara tatu tu na kufunga bao moja. Maley hakushawishika, msimu uliofuata akamwazima kwa klabu ya Clydebank. Huko kijana huyo alifunga mabao 13 katika ligi, na mojawapo aliwafunga Celtic wenyewe, katika uwanja wao, mbele ya macho ya Maley. Msimu ulipokwisha, aliitwa nyumbani. Isipokuwa mwaka huo mmoja wa kuazimwa, hakuvaa tena jezi ya klabu nyingine hadi alipotundika njumu.

Kwa umbo, McGrory hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi kuliko walinzi wengi aliokabiliana nao, lakini mabega yake yalikuwa mapana na shingo yake nene kama ya mbeba mizigo. Silaha yake kuu ilikuwa kichwa. Wachezaji wengi wa siku zile waliuogopa mpira kwa kichwa, na walikuwa na sababu: lilikuwa gozi hasa, ngozi iliyoshonwa kwa kamba za nje, na mvua ya Glasgow ilipoinyeshea ilinyonya maji ikawa nzito kama jiwe. McGrory aliurukia mpira huo akiwa amejilaza hewani, miguu nyuma na kipaji cha uso mbele, akaupiga kwa nguvu ambayo wengine hawakuwa nayo miguuni. Kwa mtindo huo magazeti yalimbandika jina la kombora la binadamu. Sehemu kubwa ya mabao yake yalipatikana hivyo, na baadhi yake yalifungwa katikati ya msitu wa njumu zilizokuwa zimeinuliwa kuupiga mpira uo huo. Yeye aliinuka, akajipangusa tope, akarudi katikati ya uwanja bila mbwembwe.

Jina lake lilivuma kitaifa siku ya fainali ya Kombe la Uskoti, tarehe 11 Aprili 1925, katika uwanja wa Hampden Park. Dundee walitangulia kufunga. Patsy Gallacher, fundi mdogo wa umbo aliyekuwa mwalimu wa McGrory uwanjani, akasawazisha kwa bao ambalo hadi leo Waskoti hulisimulia kama ngano: aliwapangua walinzi, akaangushwa karibu na mstari, akaubana mpira katikati ya miguu na kupinduka nao kichwachini hadi ndani ya lango. Zikiwa zimesalia dakika chache, mpira wa adhabu ukamiminwa mbele ya goli. McGrory akajitupa na kuupiga kwa kichwa. Celtic ikashinda mabao mawili kwa moja. Bao la Gallacher liliimbwa zaidi, lakini kombe lililetwa na la McGrory.

Miezi michache baadaye sheria ya kuotea ilibadilishwa. Awali mshambulizi alihitaji kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli wakati mpira unapopigwa kuja kwake. Kuanzia msimu wa 1925-26 walitosha wawili. Walinzi waliokuwa wamezoea kumnasa mshambulizi kwa kupiga hatua moja mbele walijikuta wakifukuza vivuli. Mabao yakafurika kote Uingereza, na baadhi ya wachambuzi wameitumia hoja hiyo kuzipunguzia thamani takwimu za wafungaji wa zama hizo. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini sheria ilibadilika kwa wote, na waliofunga kama McGrory wahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Msimu wa kwanza wa sheria mpya alifunga mabao 35 katika ligi na Celtic ikatwaa ubingwa. Uliofuata, 1926-27, akafunga 49. Fainali ya kombe ya mwaka huo ilimpita akiwa na mbavu zilizovunjika, wenzake wakashinda bila yeye. Msimu wa 1927-28 akafunga 47.

Katikati ya msimu huo wa tatu ndipo ilipotukia siku ya tarehe 14 Januari 1928. Dunfermline, timu iliyokuwa ikiburura mkia, ilifika Glasgow na kupigwa mabao tisa kwa nunge. Manane kati yake yalikuwa ya McGrory. Hakuna mchezaji wa ligi ya daraja la juu ya Uskoti aliyewahi kufunga mengi kuliko hayo katika mchuano mmoja. Hali kadhalika, kusini mwa mpaka, Dixie Dean wa Everton alikuwa katika msimu ule ule akielekea kwenye mabao yake 60, rekodi ambayo England haijaivunja. Yamkini hakuna mwaka mwingine ambapo kisiwa hicho kilikuwa na wafungaji wawili wa kiwango hicho kwa wakati mmoja.

Mfungaji wa namna hiyo hakosi wanunuzi. Huko London, Herbert Chapman alikuwa akiijenga Arsenal kuwa klabu kuu ya England, na alikuwa na fedha za kufanyia kazi hiyo. Huko Glasgow, wakurugenzi wa Celtic walikuwa na jambo jingine akilini: jukwaa jipya la watazamaji, ambalo hatimaye lilijengwa mwaka 1929, na gharama zake zilikuwa kubwa. Kati ya haja ya yule na haja ya hawa alisimama kijana wa miaka ishirini na minne ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Katika kiangazi cha 1928, Maley alimwalika McGrory waandamane kwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa, mahali patakatifu pa Wakatoliki. Mwaliko huo ulimshangaza kijana, kwani Maley hakuwa mtu wa kuzoeana na wachezaji wake. Safari ilipitia London. Walipowasili kwenye stesheni ya reli walimkuta Chapman akiwangoja, na hapo ndipo McGrory alipoanza kutambua kwamba hija hiyo ilikuwa na madhumuni mawili. Chapman alimweleza nia yake, McGrory akakataa. Waliendelea na safari hadi Lourdes. Waliporudi kupitia London, Chapman alikuwa hapo tena, subira yake haijapungua wala fedha zake. Kiasi kilichotajwa kuwa bei ya mchezaji kilikuwa pauni 10,000, na lau kingelipwa kingekuwa rekodi ya Uingereza wakati huo. Ili amalize mazungumzo bila kumvunjia mtu heshima, McGrory alitaja malipo yake binafsi ya kutia sahihi, na akayataja makubwa makusudi akijua yatakataliwa. Yalikataliwa. Mwezi Oktoba mwaka huo Arsenal ilimnunua David Jack kutoka Bolton kwa bei iliyozidi hizo pauni 10,000, na katika miaka kumi iliyofuata ikatwaa ubingwa wa England mara tano na Kombe la FA mara mbili.

Mtu angedhani kwamba klabu iliyopata mtumishi mwaminifu kiasi hicho ingemtunza kama mboni ya jicho. Haikuwa hivyo. Kwa kuwa uamuzi wake uliwanyima wakurugenzi fedha walizokuwa wamezipigia hesabu, McGrory alianza kulipwa ujira mdogo kuliko wenzake wa kikosi cha kwanza: pauni 8 kwa wiki ilhali wao walipokea 9. Hakuambiwa. Aliendelea kufunga mabao mwaka baada ya mwaka, watu wakijaa uwanjani kumtazama yeye, huku akiwa ndiye anayelipwa kidogo. Alikuja kuujua ukweli huo baada ya muda mrefu. Ni vigumu kulipata jina la heshima la kuuita mwenendo huo wa wakurugenzi. Aidha, ni vigumu kuamua kama la kustaajabisha zaidi ni ubahili wao au ni kwamba mtu aliyetendewa hivyo alikubali baadaye kuwatumikia tena kwa miaka ishirini. Wapo watakaomwita mjinga. Lakini ujinga hauelezi alichokikataa London: alikijua vyema, kilihesabiwa mbele yake, na akachagua. Kwake kucheza Arsenal kungekuwa kazi. Kucheza Celtic kulikuwa ndiyo maisha aliyoyaota Garngad.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya tabu kwa klabu. Rangers, mahasimu wa jadi walioungwa mkono na Waprotestanti wa jiji, walihodhi ubingwa karibu kila msimu. Celtic ilijiliwaza kwa kombe. Katika fainali ya 1931 dhidi ya Motherwell, Celtic walikuwa nyuma kwa mabao mawili. McGrory alirudisha moja, kisha mlinzi wa Motherwell akajifunga mchezo ukiwa ukingoni. Katika marudiano Celtic ilishinda manne kwa mawili, na mawili kati ya manne yalikuwa yake. Miezi mitano baadaye furaha hiyo iligeuka matanga: tarehe 5 Septemba 1931, katika pambano na Rangers, mlinda lango kijana John Thomson aligongana na mshambulizi Sam English, akapasuka fuvu na kufariki usiku huo. Alikuwa na umri wa miaka 22. Kisha Peter Scarff, mshambulizi mwenzake McGrory, aliugua kifua kikuu akafa mwaka 1933. Timu iliyotwaa kombe 1931 ilikuwa imeahidi mengi, na mauti iliikata ikiwa bado changa. Kombe la 1933 lilipatikana tena dhidi ya Motherwell kwa bao moja tu, la McGrory.

Sura ya timu ya taifa ndiyo inayoshangaza kuliko zote. Mfungaji huyu aliitwa kuichezea Uskoti mara saba tu. Katika mara hizo saba alifunga mabao sita. Kuna sababu ya kweli: zama hizo Uskoti ilikuwa na Hughie Gallacher, mshambulizi wa kati mwenye ufundi wa hali ya juu, na wateuzi walimpendelea. Mnamo Machi 1928, Uskoti ilipoenda Wembley na kuicharaza England mabao matano kwa moja, McGrory aliyekuwa na mabao 47 msimu huo hakuwemo kikosini. Wala hakuwahi kucheza Wembley maisha yake yote. Watu wa upande wa Celtic wameshikilia daima kwamba dini na asili yake zilimponza. Jambo hilo halithibitiki kwa karatasi, ila mechi saba kwa mtu wa kiwango kile ni hesabu isiyokaa sawa hata ukiitazama kwa jicho la huruma.

Alipopewa nafasi, hata hivyo, aliitumia. Mwaka 1931 alifunga katika ushindi wa mawili kwa nunge dhidi ya England. Tarehe 1 Aprili 1933, mbele ya watazamaji zaidi ya 134,000 katika Hampden Park, aliifunga England mabao yote mawili ya ushindi wa mawili kwa moja. La pili lilikuja dakika za lala salama, na mlipuko wa sauti uliofuata ulisikika mbali katika jiji. Inasemekana ndipo ulipozaliwa ule ngurumo wa Hampden ambao wachezaji wa kigeni walikuwa wakiuhofu kwa vizazi vilivyofuata. Kwa dakika kadhaa Wakatoliki na Waprotestanti wa Glasgow walimshangilia mtu mmoja, jambo ambalo mapadri na wachungaji wao hawakuwahi kulifanikisha.

Kufikia 1935 McGrory alikuwa na zaidi ya miaka thelathini, na misimu miwili iliyotangulia alikuwa amefunga mabao yasiyotimu ishirini katika ligi kila mmoja. Wengi walimwona kuwa jua la magharibi. Ndipo ukaja msimu wa 1935-36. Maley alikuwa amemleta Jimmy Delaney, winga mwenye kasi ya swala, na mipira yake ya pembeni ilikuwa kama barua iliyoandikiwa kichwa cha McGrory. Mwezi Desemba, katika pambano na Aberdeen, alifunga matatu na kuipita rekodi ya mabao ya ligi ya Uingereza iliyokuwa ya Hugh Ferguson. Mnamo Machi 1936 aliwafunga Motherwell mabao matatu katika muda wa kama dakika tatu, yaani muda ambao mtu hautumii kumaliza kikombe cha chai. Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 50 ya ligi, na Celtic walikuwa mabingwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi. Mwaka mmoja baadaye alikuwemo kikosini Celtic ilipoishinda Aberdeen katika fainali ya kombe ya 1937, iliyohudhuriwa na watu zaidi ya 146,000. Katika Ulaya nzima, hakuna mchuano wa klabu uliowahi kutazamwa na umati mkubwa zaidi uwanjani.

Mchuano wake wa mwisho ulikuwa Oktoba 1937, dhidi ya Queen's Park, na bila shaka alifunga. Hesabu ya jumla ni hii: michuano ya ligi 408, mabao 410, yote katika daraja la juu, 397 yakiwa ya Celtic na 13 ya Clydebank. Ukijumlisha michuano yote ya hadhi ya kwanza, yafika mabao 550. Arthur Rowley aliwahi kufunga mabao mengi zaidi ya ligi nchini England baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini mengi yake yalikuwa katika madaraja ya chini. Kwa mabao ya daraja la juu hakuna Mwingereza wala Mskoti aliyemfikia McGrory. Katika orodha ya wafungaji wa Celtic, anayemfuata, Bobby Lennox, hakutimiza mabao 300. Wakati mwingine tarakimu husema lugha sanifu kuliko sifa.

Mnamo Desemba 1937 aliteuliwa kuwa meneja wa Kilmarnock, na majaaliwa yana utani wao: mchuano wake wa kwanza ulikuwa dhidi ya Celtic, waliompa kichapo cha kuumiza. Alilipiza miezi michache baadaye, Kilmarnock ilipowatoa Celtic katika Kombe la Uskoti kisha ikafika fainali, iliposhindwa na East Fife baada ya marudiano. Vita vikaja, soka rasmi ikasimama.

Mwaka 1945 Celtic ilimwita awe meneja. Hapa ndipo wasifu wa McGrory unapokuwa mgumu kuandikwa, kwa kuwa sifa zilizomfanya mchezaji bora hazikumfanya mtawala bora. Alikuwa mpole na mtaratibu, mwenye kuvuta kiko chake kimyakimya, na alikuwa na mazoea ya kutii wakubwa wa klabu. Robert Kelly, aliyekuwa mwenyekiti tangu 1947, ndiye aliyepanga kikosi kwa kweli, mara nyingine kwa maamuzi yasiyoeleweka na yeyote, na meneja akabaki kusimama mbele ya waandishi kuyajibia matokeo ambayo hakuyapanga. Mnamo Aprili 1948 Celtic ilisafiri hadi Dundee siku ya mwisho ya msimu ikiwa na hofu ya kushuka daraja, ikanusurika kwa ushindi wa matatu kwa mawili.

Mafanikio hayakukosekana. Kombe la Uskoti lilirudi 1951. Mwaka 1953, katika Kombe la Kutawazwa kwa Malkia lililozishirikisha klabu kubwa za England na Uskoti, Celtic iliwatoa Arsenal, ikawatoa Manchester United, na kuwashinda Hibernian katika fainali. Yaweza kusadikika kuwa ushindi ule wa kwanza ulikuwa na ladha yake pekee kwa meneja aliyeikataa Arsenal miaka ishirini na mitano awali. Mwaka 1954 Celtic ilitwaa ligi na kombe kwa pamoja, na Oktoba 1957 ikawanyeshea Rangers mabao saba kwa moja katika fainali ya Kombe la Ligi. Baada ya hapo ukaja ukame. Miaka saba na ushei ilipita bila kombe kubwa, na fainali mbili za Kombe la Uskoti zikapotezwa, ile ya 1961 mikononi mwa Dunfermline iliyoongozwa na Jock Stein. Stein huyu alikuwa mlinzi aliyesajiliwa na Celtic chini ya McGrory mnamo Desemba 1951, kutoka klabu ndogo ya Wales ambako jina lake lilikuwa limeanza kusahaulika.

Machi 1965 Stein alirudi kuwa meneja, na McGrory akapewa wadhifa wa uhusiano mwema wa klabu. Kwa mtu mwingine badiliko hilo lingekuwa fedheha. Yeye alilipokea bila kinyongo kinachojulikana. Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, Celtic iliishinda Inter Milan mabao mawili kwa moja na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Sifa zilimwendea Stein, na alizistahili, kwa kuwa aliwafundisha wachezaji wale kucheza kwa namna ambayo hawakuwahi kufundishwa. Lakini kati ya wachezaji kumi na mmoja walioanza siku hiyo, kumi walikuwa wamesajiliwa na Celtic kabla Stein hajarudi: Simpson, Craig, Gemmell, Murdoch, McNeill, Clark, Johnstone, Chalmers, Auld na Lennox. Ni Willie Wallace pekee aliyekuja baadaye. Historia haina budi kumpa mzee wa kiko sehemu yake.

Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1975, na ndani yake alisimulia habari za Lourdes na London kwa sauti isiyo na uchungu mwingi. Alifariki Glasgow tarehe 20 Oktoba 1982, akiwa na umri wa miaka 78. Jukwaa lile ambalo wakurugenzi walitaka kulijenga kwa bei yake lilikuwa lingali limesimama katika uwanja wa Celtic siku hiyo, likiwa limejengwa kwa fedha zilizotoka kwingine.